Bendera Nyekundu ya Mtupo Wako wa Mwisho

Veva mwanangu,

Mambo ya sabuni, ya kuanika blanketi juani na ya kutokunywa maji usiyoyajua, Bibi ameshakueleza, na kama namjua vizuri atakueleza tena kesho gari likiwa limeshawashwa. Mimi sitayarudia. Mmekwenda Kinama kumuaga shangazi yako, nyumbani nimebaki mimi na shati lako jeupe linalokauka kwenye mgongo wa kiti, na nimeona nitumie jioni hii kabla hamjarudi. Nikisema nawe siku hizi unaitikia "ndiyo, mama mdogo" kisha unatoka nje. Karatasi utaisoma ukiwa umekaa, na kama utataka kutoka nje utatoka nayo.

Siku ya mashindano uliniuliza swali moja, mbele ya wasichana wote: "Angekuwa mutoto ya mutu mwengine, ungeinua ile bendera?" Nikakujibu kwamba kanuni ni kanuni, nikaanza kukusanya mikuki. Hilo halikuwa jibu. Nataka kukujibu kabla hujafika Bukavu, lakini siwezi kukujibu kwa neno moja, kwa sababu jibu lenyewe lilianza zamani, wewe ukiwa bado unabebwa.

Unajua kwamba mama yako Rosalia alikufa ukiwa huna hata meno. Huenda hujui jinsi ulivyokuja kwangu. Nilikuwa msichana wa shule ya masista, nimerudi likizo, nikamkuta Bibi amekufunga mgongoni huku anasonga ugali. Hakuniuliza kitu. Alikufungua, akakuweka mgongoni mwangu, akakaza kitenge kifuani mwangu kama mtu anayefunga mzigo, akarudi kwenye sufuria. Sikulia na yeye hakulia. Baadaye nimefikiri kwamba tangu siku ile nimekuwa mtu wa kufanya kwanza na kujiuliza baadaye ninavyojisikia, na mara nyingi hiyo baadaye haiji.

Shuleni tulikuwa na Mbelgiji mmoja, Madame Odile, aliyetufundisha michezo. Alikuwa mrefu, mwenye miguu myembamba, na alitaka tutupe: tufe, kisahani, mkuki. Wenzangu walipenda kukimbia. Mimi nilipenda kutupa, kwa sababu anayetupa husimama peke yake ndani ya duara au nyuma ya mstari, na hakuna wa kumfukuza wala wa kumkimbia. Madame Odile alinifundisha pia kazi ya uamuzi. Aliniweka upande wa kuangukia mikuki, akanipa bendera mbili, nyeupe na nyekundu. Mkuki ukianguka ncha ikitangulia, unakubaliwa. Ukianguka tumbo, ukalala wote kwa pamoja kama mtu aliyechoka, haukubaliwi, hata uwe umefika mbali namna gani. Mkuki ukisimama, kila mtu anaona. Ukiteleza ukalala, hapo mwamuzi lazima aende, ainame, atafute ardhini alama ya ncha, aiguse kwa kidole, ndipo ainue bendera. "Jicho linasema haraka, Domitila," alikuwa akiniambia. "Wewe nenda ukainame." Nami nilikwenda. Mgongo uliniuma mpaka nikauzoea.

Kisha uhuru ukaja, Usumbura ikageuka Bujumbura, Madame Odile akaondoka na masanduku yake. Chuo cha ualimu kilikuwa na stoo yenye mikuki mitatu, mmoja umepinda, na matufe yaliyoliwa na kutu, na hakuna mtu wa kuvifundisha. Mkurugenzi alisikia kwamba kuna msichana amemaliza kwa masista mwenye mikono. Hivyo ndivyo alivyosema: mwenye mikono. Nikaanza kazi nikiwa na umri karibu sawa na wanafunzi wangu. Waliniita Monitrisi, kama walivyoitwa walimu wote wa kike wa michezo, na wakubwa kati yao walikuwa wakilitamka jina hilo polepole ili wenzao wacheke.

Miaka ile ya mwanzo alikuja baba mmoja kutoka Kanyosha. Alikuwa amesikia kwamba binti yake anashika mkuki. Alivuka uwanja moja kwa moja, kofia mkononi, wanafunzi wote wakaacha kazi.

"We ndiye Monitrisi?"

"Ndiyo mimi, baba."

"Mi nilileta mutoto asome akuwe mwalimu. We uko unamufundisha vita?"

"Si vita, baba. Ni mchezo."

"Mukuki ni ya mwanaume. Kwetu mwanamuke aruki mukuki hata ukilala chini, sasa huyu anaurusha! Nani atamuoa? Atamuoa nani, askari?"

Wasichana walicheka, binti yake akaficha uso. Nikampa mkuki aushike. Aliupima mkononi, akaugeuza, akaangalia ncha, akamwangalia binti yake, akaniangalia mimi. "Hii?" akasema. "Hii aiwezi kuua hata mbuzi." Akacheka mwenyewe, kwa sauti, akanirudishia, akaenda zake. Binti aliendelea na mazoezi mpaka alipohitimu.

Nimekuwa nikimkumbuka yule baba wiki hizi. Alikuja na hasira, akaisema yote mbele ya watu, akacheka, ikaisha. Mimi na wewe hatujui kufanya hivyo. Umejifunza kwangu kunyamaza, na sidhani kama ni kitu kizuri nilichokupa.

Sasa Buterere, ambako wewe ulianza. Kila mwaka sikukuu ya uhuru ilipokaribia, uwanja wa chuo ulichukuliwa kwa mazoezi ya magwaride, na mwaka mmoja haukurudishwa haraka. Nilihamisha mazoezi Buterere, kwenye ardhi tupu iliyo nyuma ya mashamba ya mpunga. Wewe ulikuwa mdogo, nilikuchukua kwa sababu Bibi alikuwa sokoni. Unamkumbuka yule mama wa mpunga aliyesimama majini mpaka magotini akatuita?

"Nyie watoto ya shule! Muko munapanda mikuki?"

"Ndiyo, mama!" wasichana wakamjibu.

"Itaota lini? Mutuletee na siye mbegu!"

Ulicheka mpaka ukakaa kwenye tope na nguo safi.

Tulibaki kule misimu miwili ya mvua. Uwanja wa chuo ulikuwa umesharudishwa, lakini sikurudi, na sababu yake ni kwamba kule kila kitu kilikwenda vizuri. Mkuki ukianguka kwenye tope unasimama. Hata ukija umelala, kichwa ni kizito, kinazama, mkia unabaki juu, na msichana aliyeurusha anapiga kelele ya furaha. Kwenye ardhi ngumu ya chuo wasichana wangu walikuwa wakikata tamaa. Kule walikuwa wakishangilia. Niliita hayo maendeleo. Nilimwambia mkurugenzi kwamba tuna timu.

Tukaenda kwenye mashindano ya vyuo, kwenye uwanja mgumu, wakati wa kiangazi. Mikuki ya wasichana wangu ilianguka tumbo, ikateleza kwenye vumbi, mmoja baada ya mwingine. Mwamuzi alikuwa mwanaume mzee kutoka Gitega. Alikwenda, akainama kila mara, akainua nyekundu kila mara, na mwishoni alikuwa ananiangalia mimi, si wasichana. Hakuna aliyepata hata mtupo mmoja. Kwenye lori la kurudi hakuna aliyeimba. Mmoja aliuliza tu, kwa upole, "Monitrisi, tope ilitudanganya?" Nikasema ndiyo, tope. Ilikuwa rahisi kusema tope. Tope lilikuwa pale tangu zamani. Mimi ndiye niliyelichagua, kwa kuwa nilipenda kuona watu wakishangilia kazi yangu.

Baada ya hapo nikawa mkali. Nilirudisha mazoezi kwenye ardhi ngumu, nikafundisha upya kila mkono. Wote walibadilika isipokuwa wewe. Wewe ulikuwa mtoto aliyejifunza kurusha kwa kutazama wakubwa wakirusha kwenye tope, na mwili wa mtoto ukishajifunza kitu haukiachi kirahisi. Ulipokua ukawa na mkono wenye nguvu kuliko msichana yeyote niliyemfundisha, na mkuki wako uliruka vizuri, chini kidogo, kisha mwishoni ukajilaza. Nilijaribu. Nilikusimamisha, nikakushika kiwiko, nikakurushisha karibu na mbali. Siku nyingine ncha ilishuka. Siku nyingine haikushuka. Hukunisikia nikilalamika, lakini kila uliporusha nilikuwa nasubiri mkuki ulale. Niliusubiri hata ukiwa bado juu.

Miaka hiyohiyo nikapata jina la uamuzi. Unakumbuka kisa cha mzazi aliyekuwa na cheo kikubwa mjini, aliyeshuka jukwaani kwa sababu nilikataa mtupo wa binti yake. Nilimchukua mpaka pale ulipoangukia, nikainama, nikamwambia ainame na yeye. Aliinama na suti yake. Hapakuwa na alama. Alisimama, akajipangusa magoti, akasema, "Sawa, Monitrisi," akarudi kukaa. Mtaa wetu wote wa Buyenzi ulisimulia. Sokoni waliniambia, we ni mtu wa haki. Nililipenda jina hilo, Veva. Nililipenda kuliko nilivyofikiri mtu kama mimi anaweza kupenda kusifiwa.

Basi siku yako. Nafasi ya chuo cha michezo cha Kinshasa ilikuwa moja, ya mkuki, na waliobaki mlikuwa wawili, wewe na Spesi wa Kinama. Waamuzi tulikuwa haba kama kawaida, kwa hiyo mimi niliyewafundisha nyote wawili nikapewa bendera. Ningeweza kukataa. Nilifikiri kukataa kungeonekana kama kukiri kwamba sijiamini. Spesi alikuwa ametangulia. Wewe ulibaki na mtupo mmoja.

Ulirusha vizuri. Sijawahi kukuona ukirusha vizuri hivyo, na nasema hivi kama kocha. Mkuki ulipita alama ya Spesi, ukaja upande wangu, ukateleza, ukalala. Nami nikainua nyekundu pale pale niliposimama.

Sikwenda. Sikuinama.

Hilo ndilo jibu la swali lako. Angekuwa mtoto wa mtu mwingine ningekwenda, ningepiga magoti, ningepapasa vumbi kwa kidole mbele ya watu wote, na ningechukua muda niliouhitaji. Kwako niliogopa. Niliona jukwaa lote linaniangalia, nikafikiri: nikienda kutafuta alama, watasema anamtafutia mtoto wake. Na nilikuwa nimeusubiri mkuki wako ulale kwa miaka mingi hivi kwamba jicho langu lilikuwa limeshamaliza kazi kabla mkuki haujagusa ardhi. Nilikunyima kitu ambacho nilimpa hata binti wa yule bwana wa suti.

Ulipiga kelele, "Mama mudogo, angalia kwanza! Iko na alama!" Nilikusikia. Ulikuwa mtupo wa mwisho wa siku, watu walikuwa wameshaingia uwanjani kumbeba Spesi, wakapita pale pale. Nilipotazama chini palikuwa na nyayo tu.

Kwa hiyo sijui. Nikikuambia mtupo wako ulikuwa na alama, nitakuwa nasema kitu nisichokijua ili nikupoze, na wewe utanijua. Nikikuambia haukuwa na alama, nitakuwa nainua bendera ile mara ya pili. Naamini mkuki ulianguka tumbo. Lakini imani yangu juu ya mkuki wako si ya kutegemewa, na nimekueleza kwa nini.

Jioni ile jirani yetu Mama Zaituni alikuja mlangoni na sahani ya visamaki vya ndagala. "Domitila, we ni mutu wa haki kabisa!" akasema. "Hata mutoto yako ukumuhurumia! Mi ningeiba hata kipimo!" Ulikuwa umesimama nyuma yangu. Nilipokea sahani, nikasema asante. Hukula ndagala zile, nawe unazipenda. Bibi alidhani una homa.

Jumatatu nilikwenda kwa mkurugenzi. Sikukuambia, na sikuambii sasa ili unihesabie. Nakuambia kwa sababu inakuhusu. Nilimweleza kwamba niliinua bendera bila kwenda kutazama, nikaomba wewe na Spesi mrushe tena, mwamuzi awe mtu mwingine. Nilikuwa nimemwambia Spesi kwanza. Alilia kidogo, kisha akasema, "Turushe. Mi siogopi Veva." Ni msichana mzuri, usimchukie.

Mkurugenzi alinisikiliza huku anafuta miwani.

"Monitrisi, jina la Spesi limeshapelekwa Kinshasa."

"Linaweza kurudishwa, Bwana Mkurugenzi."

"Na nitasema nini? Mwamuzi amemuonea mtoto wake mwenyewe? Nani ataamini? Watu wote wanakusifu, hata mke wangu nyumbani. Acha watu wakusifu, mama. Ni kitu cha bure."

Nikasema basi nisipewe tena bendera mahali anaposhindana mtu wa nyumbani kwangu. Akasema hilo ni rahisi, kwa kuwa wewe unaondoka. Ulikuwa umeshaandika kukubali nafasi ya uuguzi Bukavu. Nilijua kutoka kwake, si kutoka kwako. Nilirudi kwa miguu.

Sina maoni juu ya uuguzi. Umechagua haraka, ukiwa na hasira, lakini watu wengine huchagua polepole wakiwa na furaha na bado hukosea. Huenda utaipenda kazi hiyo. Una mikono, kama alivyosema mkurugenzi wa kwanza juu yangu. Kama hutagusa mkuki tena, sitakuuliza. Kama utagusa, tafuta mtu asiyekujua, umwambie tu kwamba mwishoni unaulaza. Atakuonyesha vizuri kuliko mimi, kwa sababu atautazama ukifika, hatausubiri.

Kuna jambo moja la kazi yenu ambalo nimeliwaza. Bukavu imejaa watu wetu. Siku moja utaletewa mgonjwa wa kwenu, mtu wa Buyenzi, pengine ndugu, na wengine kwenye foleni watakuwa wanakutazama kuona utafanya nini. Utahisi kama nilivyohisi. Utataka kumpitisha haraka, kumsemesha kwa ukali, ili wasiseme kitu. Mpe muda uleule unaowapa wengine. Usimzidishie, lakini usimpunguzie. Kumpunguzia mtu wako kunafanana sana na haki ukiwa umesimama mbali, na wanaotazama karibu wote wamesimama mbali. Mimi nimechelewa kulijua hili, na nimelijua kwa gharama yako, kwa hiyo angalau liwe mali yako.

Siombi unisamehe. Nikiomba, utaona ni wajibu kujibu, na wewe una safari. Chukua muda unaoutaka. Kama utaandika, andika. Kama barua zitakuwa za Bibi peke yake, nitamsomea, kwa sababu yeye hajui kusoma, na hivyo nitajua unaendeleaje. Huo si ujanja. Ni jinsi nyumba yetu ilivyo.

Nasikia sauti ya Bibi barabarani, anamlaumu mtu juu ya bei ya kitu, kwa hiyo mmekaribia. Namalizia.

Kesho kwenye gari la Uvira, mwanzo wa safari yako ya Bukavu, watakuja wengi kukuaga: Mama Zaituni, wanakwaya, walimu, wale wa sokoni. Wakishamaliza kukubariki watanigeukia mimi, kama wanavyofanya kila mahali tangu siku ile, na mmoja wao atasema mbele yako kwamba mama yako ni mtu wa haki. Nimekuacha ulisikie neno hilo mara nyingi, nami nikapokea. Kesho sitapokea. Nitawaambia wote, kwa sauti wanayoisikia, kwamba sikwenda kutazama, kwamba mtoto aliniita nitazame nami sikwenda. Watasema yao, na Buyenzi itakuwa na kitu kipya cha kusimulia mpaka mvua zije. Nitaishi nacho hapa. Wewe utakuwa umeshapanda. Kaa kwenye kiti chako, Veva, usiteremke kunitetea.

Mama yako mdogo,
Domitila